Mtoto wa Geto na Chungu cha Jirani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Yamechapwa kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo zimeachwa.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya malezi alinipa dakika 20. Sijapata kumwona mwalimu mstaafu aliyepewa dakika 20 akazitosheka, lakini nitajitahidi, maana harufu ya wali inatoka huko jikoni, na wali wa Kyela hausubiri hotuba.

Nitaanza na jambo ambalo ninyi vijana mnalijua kuliko mimi. Sisi tuliosoma hapa zamani tulilala bwenini. Kengele ilituamsha, kengele ilitulaza, na mtu akikosekana kitandani kiranja alijua kabla taa haijazimwa. Leo hali ni nyingine. Wengi wenu mnatoka mbali, huko Matema, Ngonga na Ipinda, na wengine mmeteremka kutoka milimani Rungwe. Nafasi za hosteli hazitoshi, basi wazazi wamewapangia vyumba mitaani karibu na shule. Vyumba hivyo mnaviita mageto. Mtoto wa miaka 14 anapewa godoro, ndoo, jiko la mkaa na debe la mchele, anaambiwa asome kwa bidii, kisha mzazi anapanda gari kurudi shambani.

Juma hili nimezungukia mageto hayo kwa miguu. Nimeona vyumba visafi kuliko changu, nimeona na mlango uliofungwa kwa kipande cha kamba. Mwenye nyumba huja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Mwalimu humwona mtoto darasani. Lakini kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 1 asubuhi, nani anayejua kama mtoto huyu amekula? Nani anayejua kama anaumwa? Ndugu zangu, wapo wanaojua. Anajua kijana wa bodaboda anayempa lifti ya bure. Anajua mwenye duka anayemkopesha sukari na kumwambia usijali. Anajua mpangaji wa chumba cha pili. Mtoto asiyeangaliwa na watu wema huangaliwa na wale wanaomtafuta, na miaka ile ya 2008 na kuendelea redio zetu ziliwapa watu wa namna hiyo jina ambalo nchi nzima ililidaka: Fataki.

Msifikiri nawatisha. Mwaka 2009 Serikali yetu, pamoja na UNICEF, wataalamu kutoka Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ilifanya uchunguzi nchi nzima kwa kuwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa ukatili wa kijinsia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa, kwa ngumi, mateke au mijeledi, walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Na katika wale waliotendewa ukatili wa kijinsia, karibu nusu ya wasichana hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza ni karibu theluthi mbili. Hii shule ilikuwa ya wavulana watupu, na leo hapa mbele yangu wamekaa wanaume wengi wenye mvi. Nawaomba mfanye hesabu hiyo kimoyomoyo, wala sitamwuliza mtu jibu.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, halafu nitarudi getoni.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi huku Unyakyusa mtu na mkewe, Godfrey Wilson na Monica Wilson. Walijifunza lugha yetu wakaandika namna wazee wetu walivyoishi. Mwaka 1951 mama huyo alitoa kitabu kiitwacho Good Company, na kwa jina hilo alijaribu kulitafsiri neno letu ukwangala, yaani kukaa na wenzako vizuri, kula nao, kuongea nao na kufurahiana. Kilichowashangaza ni kwamba vijiji vyetu havikuwa vya ukoo, vilikuwa vya rika. Mtoto wa kiume alichunga ng'ombe pamoja na wenzake, na alipofika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake. Alikwenda kulala na wa umri wake katika vibanda walivyojijengea wenyewe pembeni. Walipokua na kuoa waliwaleta wake zao hapo hapo, na vibanda vya watoto vikageuka kijiji cha watu wazima.

Marehemu baba yangu alilala katika vibanda hivyo. Mchana, alikuwa akitusimulia, walilima na baba zao. Jioni walikula kwa mama zao. Na hapa ndipo palipo na jambo ninalotaka mlichukue. Hawakwenda kula kila mtu kwa mama yake. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama aliyepika aliwajua wote kwa sura, na aliijua hesabu yao. Baba alisema walikuwa saba, na siku walipofika sita, mama wa rafiki yake hakugawa ndizi mpaka aambiwe wa saba yuko wapi. Akiona mtoto ana alama mgongoni aliuliza. Hakwenda kwanza kwa baba wa mtoto. Alimwuliza mtoto mwenyewe, hapo hapo, huku anakula na wenzake wakisikia.

Angalieni basi. Mtoto mmoja, mama saba. Kama nyumbani kwake palikuwa na mtu mbaya, mtu huyo alihitaji kuwanyamazisha akina mama saba na watoto sita. Siyo kazi ndogo.

Na mtu mzima aliyezidi kwa ukali au uchafu wa tabia, majirani walimnung'unikia. Wazee wetu waliamini kwamba manung'uniko ya wanakijiji ni pumzi yenye baridi inayoweza kumwangusha mtu kwa maradhi. Mimi nilifundisha Sayansi miaka 34, siwaambii muamini hivyo. Homa ya Bondeni najua inaletwa na mbu. Ninachosema ni kwamba mtu alijua kuwa majirani wanajua, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani ilikuwa pepo. Rika lile lilikuwa la wavulana. Dada zao hawakuwa na kijiji chao. Msichana alichumbiwa akiwa bado mtoto, ng'ombe wakahesabiwa, na mara nyingi aliyewatoa ni mtu mzima mwenye wake wengine tayari. Na humo vibandani wakubwa waliwaonea wadogo. Baba alikuwa na kovu juu ya jicho ambalo hakulieleza vizuri hata siku moja. Pumzi ile ya watu nayo iliweza kumwangukia asiye na kosa. Sisemi turudi kule. Nasema kulikuwa na chungu kimoja kizuri katika nyumba ile, na tulipoihama tukakisahau.

Tuliihama kwa sababu zinazojulikana. Wanaume walikwenda dhahabu ya Lupa huko Chunya, wakaenda shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Ardhi ikawa adimu, kahawa kule juu na mpunga huku chini, kila mtu akataka mwanawe amkalie karibu na shamba. Philip Gulliver aliyaandika hayo mwaka 1958. Halafu ikaja shule, na watoto wa shule ndio tuliofunga hesabu.

Sasa nirudi getoni. Geto ni nini? Ni kile kibanda cha vijana wa rika moja kilichojengwa upya, kwa matofali na bati. Tofauti ni kwamba chungu cha akina mama kimeondolewa. Tena safari hii wamo na wasichana. Tumewapa watoto wetu ile nusu ya desturi iliyo na hatari, na ile nusu iliyokuwa kinga hatukuwapa.

Hapa hapana budi niseme jambo langu mwenyewe, ambalo sikulisema kwa miaka mingi.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha katika kijiji kimoja cha Bonde hili. Jirani yetu alikuwa akimlea binti wa nduguye, yatima, wa miaka 13 hivi. Ilikuwa majira ya kuamia ndege, na binti yule alishinda mpungani katika kibanda, peke yake, kutoka alfajiri mpaka giza. Zamani alizoea kupita kwetu jioni kuomba moto, akala chochote akaondoka. Jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba watoto, yule mtoto siku ya nne hajaja." Nikamjibu, "Mama, ya nyumba ya watu tuwaachie wenyewe." Nilijiona nimesema kwa busara.

Aliyekuwa akimpelekea chakula kule mpungani alikuwa mtu mzima wa ukoo ule ule. Jambo lilipofichuka, wazee wakakaa chini ya mwembe. Ikakubaliwa atoe ng'ombe mmoja na mambo yaishe, jina la ukoo lisichafuke. Wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri aandike makubaliano. Mwandiko huo niliufundishwa katika shule hii, na niliutumia. Mtoto hakuitwa, wala hakuulizwa neno. Ng'ombe alikwenda kwa mlezi wake. Yeye akaacha shule, akapelekwa mjini kulea watoto wa watu.

Miaka mingi ikapita. Siku moja stendi ya Kyela mama mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamtambua. Tukaulizana habari za nyumbani, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, ile karatasi yenu, mliandika jina langu?"

Hatukuandika. Tuliandika "mtoto wa marehemu fulani". Nikamwambia kweli. Akasema, "Nilidhani hivyo," gari lake likajaa akapanda. Baadaye nilimtafuta, nikamwomba msamaha, na nikamwomba ruhusa ya kulisema jambo hili mbele yenu. Aliniruhusu kwa sharti kwamba nisitaje kijiji.

Vijana, na hasa ninyi wazee wenzangu wa kukaa chini ya miembe, sikilizeni sheria ilivyo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akisemwa kwamba alikubali, na kifungo chake hakipungui miaka 30; akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Mvulana naye sheria inamlinda. Tangu mwaka 2016 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 vilevile. Hakuna kikao cha ukoo chenye uwezo wa kufuta kosa hilo kwa ng'ombe, wala kwa ng'ombe kumi. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema kila mwananchi mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Inasema kila mwananchi. Kwa sheria hiyo, maneno yangu ya "tuwaachie wenyewe" leo ni kuukwepa wajibu.

Pa kwenda papo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri ina Afisa Ustawi wa Jamii. Simu namba 116 ni ya bure, mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Na kama mtoto ametendewa uovu, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Apelekwe hospitali upesi, siku hiyo hiyo, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72 kupita. Na yule aliyepata mtoto asidhani shule imemfungia mlango: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika shule za Serikali.

Mpango wa Taifa ulioanza mwaka 2017, ule ulioitwa MTAKUWWA, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ni agizo jema. Lakini mimi nimekaa katika kamati nyingi maishani, na naijua tabia ya kamati: huja na daftari la mahudhurio, soda, na muhtasari. Kamati isiyojua mageto yako mangapi na nani analala wapi itaandika muhtasari mzuri kama ule niliouandika mimi. Anayejua nani hajala ni jirani. Kwa hiyo tusiisubiri kamati, tuipelekee habari.

Neno moja kwa walimu wenzangu. Mtoto uliyemchapa asubuhi kwa kuchelewa hatakuja kwako jioni kukueleza kwa nini alichelewa. Nimechapa sana katika kazi yangu. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyeniletea siri yake baada ya fimbo.

Na wazazi tusiwalaumu ovyo. Ada ya sekondari ya Serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini geto lina kodi, na kodi haijui msimu. Muhula unaanza Januari. Mpunga wetu unavunwa kuanzia Mei, na kati ya hapo ni masika, mito ya Kiwira na Mbaka imefura, mzazi hana kitu mfukoni. Hiyo miezi minne ndiyo anapotokea mtu mwema wa kusaidia kodi ya binti. Mzazi anashukuru, hana nguvu ya kuuliza. Akina mama wa vikundi vya kukopeshana wanalijua shimo hili kuliko sisi, kwani ndio wanaokuja kukopa usiku.

Basi nimekuja na ombi, nalo nimekwisha kulizungumza na Mkuu wa Shule na Mtendaji wa Kata. Sisi wanachama wenye uwezo tutoe fedha kidogo, tuufanye mfuko wa masika. Mfuko ulipe kodi ya geto kuanzia Januari mpaka Mei, moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na mzazi arudishe kwa gunia la mpunga baada ya mavuno, bila riba. Asiwepo mtoto anayejua nani alichangia, wala mchangiaji anayejua alimlipia nani. Hilo la mwisho nalitilia mkazo, maana fadhila yenye uso huja kudai.

Ombi la pili ni lile la chungu. Wapo kati yetu wenye nyumba ndani ya nusu saa ya mwendo kutoka hapa. Kila nyumba ichukue siku moja katika juma, ilishe watoto wa geto moja au mawili. Wasije mmoja mmoja. Waje kundi kama walivyokwenda baba zetu, wasipungue watatu, wale jikoni au barazani alipo mama wa nyumba, na watoke pamoja kabla ya giza. Wasichana waje na wasichana wenzao. Majina ya nyumba hizo Mtendaji awe nayo, na nyumba yenye maneno isipewe watoto, hata kama mwenyewe ni mwanachama wetu aliyetoa mchango mkubwa. Mama wa nyumba asifanywe polisi. Kazi yake ni kuhesabu. Wakija pungufu, aulize. Asiporidhika na jibu, kuna mwalimu mlezi wa shule, na kuna 116.

Mwenzangu mmoja aliniambia jana kwamba wali wa mtu mmoja kwa juma mara moja hauwezi kumlinda mtoto. Ni kweli, wali wa siku moja haumlindi. Lakini mtoto mwenye nyumba tano ambazo anaweza kuingia bila kubisha hodi mara mbili si mawindo mepesi kama mwenye mlango wa kamba.

Ninyi vijana nanyi mna kazi. Mnajua ni nani kati yenu ameacha kuongea. Mnajua nani ana simu mpya ambayo hakununuliwa na wazazi wake. Msimcheke wala msimtangaze, mleteni kula.

Daftari liko pale mezani kwa Katibu, safu moja ya jina na mtaa, safu moja ya siku. Mpaka ninapozungumza siku zote bado zi wazi isipokuwa Jumatano. Hiyo ni ya kwangu. Mke wangu amesema watakuwa saba, si zaidi, kwa sababu sufuria lenyewe ndilo hilo.